Jezi ya Mwangi Kwenye Kamba

Kocha,

Mwangi amerudi. Nilitaka ujue hilo kwanza, kwa sababu niliambiwa ulikufa kule kambi ya wakimbizi, ndani ya hema, ukiulizia habari za vijana wako.

Unakumbuka ulivyotuchosha na Valderosa? Timu ya kijiji huko Italia. Padri aliyetuletea jezi zao kuukuu alikusimulia habari zake, nawe ukazishika kana kwamba ulizaliwa huko. Ndege ulizijua kwa kuziona zikitua hapa Kapseret tu, lakini ulitueleza baridi ya uwanja wao mpaka tukajikunyata. Kila msimu theluji iliongezeka! Jambo moja tu hukulibadilisha. Vita vyao vilipoisha, watu wa ng'ambo mbili za mto hawakuwa wakisalimiana, na timu ikafufuka kwa sharti kwamba kila mchezaji afue jezi ya mwenzake wa ng'ambo ya pili. Ukatuwekea sharti hilohilo. Mimi Mkalenjin nikapewa ya Mwangi, Mkikuyu, naye akapewa yangu. Tuliponung'unika ukasema, "Fueni. Kelele mtapiga uwanjani."

Halafu kura zikahesabiwa, nyumba zikachomwa. Wewe na Mwangi mkakimbia, kila mtu na njia yake. Jezi namba tisa ikabaki kwangu ndani ya beseni.

Niliifua, Kocha. Nikaianika mbele ya nyumba kama kawaida, na majirani wote walijua tisa ni ya nani. Vijana wakaja langoni. "Kibet, toa hiyo kitu kwa kamba." Sikufichi, niliogopa. Lakini sikuianua. Mmoja wao akaivuta ikapasuka begani. Nikaishona, nikaianika tena. Waliporudi walimkuta mama amekaa chini yake anachambua mboga za managu, hata hakuinua kichwa, wakaondoka.

Kulipotulia, wachezaji waliobaki walitaka timu mpya, ya watu wetu tu, na jezi mpya. Nikawaambia watafute golikipa mwingine. Walinicheka sana. Kila Jumamosi nilifua jezi isiyovaliwa na mtu, na siku niliyopata habari ya kifo chako niliifua nikilia, sabuni na machozi pamoja. Nimekukosa, Mzee. Hakuna anayetupigia kelele siku hizi.

Jumamosi iliyopita nikasikia mtu anakohoa langoni. Mwangi! Amekonda, ana mfuko wa plastiki mkononi. Akaitazama ile kamba, akaniuliza, "Kwani hii jezi yangu bado haijakauka?"

Nilicheka hadi nikakaa chini. Ndani ya mfuko kulikuwa na jezi yangu, safi, imepigwa pasi. Kambini alikokimbilia yeye alipata wapi pasi, sijui.

Kesho timu yetu ya zamani inacheza tena. Yule kijana aliyeipasua amekuja kuomba namba kwenye timu, macho chini. Mwangi akasema acheze. Nami nikasema sawa, ila sharti la Kocha liko palepale.

Basi lala salama, Kocha. Nakuahidi halitavunjwa nikiwa golini. Kesho jioni, mechi ikiisha, namba tisa haitarudi kwangu. Yule kijana ndiye atakayeifua, na ataianika mbele ya nyumba yao.

Golikipa wako,
Kibet