Rede Nyuma ya Ghorofa

Jumanne

Magoti yanauma lakini siachi. Jimu nilienda siku tatu tu. Kukimbia kwenye mashine kulinichosha roho kabla ya miguu.

Leo nimefunga duka Kariakoo mapema, nikawahi rede na kina mama majirani nyuma ya ghorofa. Wawili wanakurushia mpira, wewe katikati unakwepa huku ukijaza mchanga kwenye chupa. Nimecheka mpaka nikasahau presha.

Mume wangu akachungulia dirishani. “Mama Neema, na umri huo unacheza rede?”

Mimi nikakwepa mpira mwingine.

Daktari ameshaniongezea dozi ya presha mara mbili. Ya tatu naiogopa kweli.

Mpira ulinipata chupa ikiwa nusu. Kesho naijaza.