Kikombe cha Bwambale

Mama Rehema wangu,

Nipo Bwera, mvua ya mlimani imenilowanisha hadi soksi. Nimekileta kile kikombe cha bati cha rafiki yangu Bwambale, tuliyemzika Burma, nimpe mama yake. Sokoni nikamuuliza bibi mmoja muuza samaki kwao Bwambale ni wapi. Akacheka.

"Mzee, hapa kila nyumba, kijana ya pili inaitwa Bwambale. Wewe nataka Bwambale ya nani?"

Miaka miwili tulijifunika blanketi moja, wala sikuwahi kumuuliza jina la baba yake.

Bibi akafuta mikono. "Hata mimi nilizaa Bwambale. Alienda vita, hakurudi."

Nikampa kikombe. Sikuuliza zaidi, niliogopa asije akawa siye.

Wasalimie wanetu, kila mmoja kwa jina lake.

Mumeo