Kware wa Fidèle

Flemingsberg, tarehe 2 Desemba

Shemeji Aristide,

Pokea salamu zetu kutoka Stockholm. Tungali hai, Mungu ashukuriwe. Theluji imewahi mwaka huu, kwa hiyo juzi niliwaandaa kware wa kaka yako kwa baridi. Niliwatandikia nyasi kavu, nikawaongezea chakula, kisha nikalifunika banda lao nyuma ya nyumba kwa nailoni pande tatu, upepo usiwapige.

Fidèle alikuwa mlangoni akinitazama. Nilipogonga msumari wa mwisho alikuja mbio bila viatu, akaichana ile nailoni kwa mikono.

"Wafungulie! Watawachoma humo ndani!"

"Nani atawachoma, baba Arielle? Hawa ni kware."

Hakunisikia. Aling'oa mlango wa banda, akawatoa mmoja mmoja akiwaambia wakimbie. Nilipomshika alinisukuma, nikaanguka.

Asubuhi iliyofuata tuliwaokota kumi na mmoja kwenye theluji, wameganda. Aliwapanga kwenye ngazi, akaniuliza kwa upole ni nani aliyewaua. Nilimwambia ni baridi.

Shemeji, miaka ishirini ya ndoa yetu hajawahi kuniambia wazazi wenu walikufaje. Daktari wake ananiuliza, nami sina jibu. Wewe ulikuwa naye siku ile. Nakuomba uniandikie yote, usinipunguzie hata neno.

Ni mimi, mke wa kaka yako,
Séraphine