Mashine ya Baba Imekataa Kuwaka

Kasenga, Uvira
Jumapili, baada ya misa

Mpendwa kaka Sylvestre,

Pokea salamu za wote hapa nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Bukavu, na kwamba baridi haijakushinda. Sisi hatujambo, isipokuwa goti la Mama, ambalo linamuuma kila mvua ikikaribia. Usishangae naandika wakati simu zipo: hapa simu ikilia, Baba anavuta kiti asikilize, na habari hii inamhusu yeye. Ndiyo maana barua hii nimemkabidhi jirani yetu Agnès mkononi, anakuja kuuza samaki huko.

Ulisema unamtafutia Baba mashine mpya ya kukata majani, yenye nguvu na kisu cha chuma, kwa kuwa ile ya zamani imekufa. Ngoja kwanza. Unanijua, kitu kikikataa kuwaka, mimi chakula hakipiti.

Nilianza na mafuta yake, esansi. Ile inayouzwa kwa vidumu Kavimvira watu wanaisema vibaya, basi niliimimina katika chupa nyeupe, nikaiacha itulie. Kama ingekuwa na maji, yangeshuka chini; hayakuwepo. Nikashuku mchanganyiko, maana Baba amezoea kuchukua kwa wavuvi esansi iliyokwisha kutiwa oili ya mota za mitumbwi, na kila mvuvi anatia kwa jicho lake. Nikachanganya yangu upya, nje, mbali na makaa ya mbabula ya Mama. Bado kimya. Nikafungua buji inayotoa cheche: safi kuliko sahani zetu.

Mwishowe nilichungulia ndani ya kile kifuniko cha mpira kinachovalishwa buji. Humo kulikuwa na kipande cha mfuko wa plastiki, kimekunjwa vizuri, kinazuia moto wa cheche usipite. Nikakitoa, mashine ikanguruma. Kesho yake ilikataa tena: kipande kingine. Hapo, nisikufiche, nilifurahi sana, kwa sababu plastiki haijikunji yenyewe: kulikuwa na mkono wa mtu. Nilimshuku Mama, anayelalamika kuhusu kelele. Alicheka mpaka akaketi, akasema angetaka kuiua angeitupa ziwani.

Basi nikaisafisha mwenyewe na kuisindikiza hadi shuleni kwa masista, kwenye kibarua cha Baba, naye akakata majani vizuri. Alipomaliza aliishika mashine kwenye bomba la moshi, lingali moto. Yeye anayetukataza kuligusa kabla halijapoa. Nilisikia harufu ya ngozi inayoungua, na Baba hakushtuka. Aliutazama tu mkono wake.

Niliuweka mkono huo katika maji, nikamuuliza. Alijibu polepole: «Miye siko nasikia tena vidole. Siku ingine kisu kitapita mu muguu, sitajua.» Mtetemo wa mashine, miaka yote hii, umevitia ganzi. Ni yeye aliyekuwa akiweka plastiki. Kuwaambia masista kwamba mashine imekufa kulimwia rahisi kuliko kuwaambia kuhusu mikono. Akaniapisha nisikuambie.

Juzi masista walimwita tena. Majani yamerefuka na watoto wamemwona nyoka. Baba akalainika, akatoa plastiki yake, akavaa buti. Kaka, alipoingia ndani kutafuta kofia, niliweka yangu. Alivuta kamba mpaka jasho likamtoka. Kisha akanitazama sana, akaketi, akasema tu: «Weye mutoto weye.» Hakufungua buji kuangalia. Mimi niliingia jikoni nikalia.

Kwa hiyo mashine mpya usiitume. Njoo wewe. Majani ya masista nitayakata mimi, na nitakuwa napumzisha mikono yangu. Lakini kumwambia Baba aache kazi akae nyumbani, sina mdomo wa kusema hivyo, na siwezi kuweka plastiki kila asubuhi. Atakasirika kwamba nimevunja kiapo. Nitavumilia, maana vidole bado anavyo vyote.

Msalimie wifi yangu Claudette, na umbusu mtoto kwa niaba ya shangazi yake. Mungu akulinde njiani.

Mimi mdogo wako,
Aline