Saa Inazunguka, Maji Iko Baridi

Mujukuu wangu Dorcas,

Siye tuko wazima hapa Bunia; nyanya yako anakusalimia sana. Unauliza sababu gani minuteri yako, ile saa ya kuwasha tangi ya maji ya moto, inazunguka na maji inabaki baridi. Angalia waya ya kwenda kwa tangi: haikufungwa.

Najua. Mu vita, komanda moja alinyang'anya nyumba ya jirani, akaniita nimuwekee saa kama hiyo. Nikamwambia: tangi ikiwaka, umeme haitoshi, taa ya materniti inazimika. Akacheka: "Wamama wazae mu giza!"

Mu giza! Sababu yeye aoge moto!

Nilipatia saa umeme, tangi hapana. Kila asubuhi alitukana umeme ya Bunia, na watoto wakazaliwa mu mwangaza.

Babu yako