Bano Lililohama

4 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Vidole vinaendeleaje, bado vinatetemeka? Mimi mwili mzima, ila roho iko juu juu.

Ile modi, nyongeza uliyoiunda mwenyewe ukaniwekea kwenye kihariri ninachoandikia programu, inayofunga mabano yenyewe kwa kufuata mistari ilivyoingia ndani, naitumia kazini kimyakimya. Hospitali wamekataza zana za kompyuta za kuleta kutoka nyumbani. Lakini katika lugha hii ya programu kila hesabu imo tumboni mwa nyingine, na wewe mwenyewe hunicheka kwa uvivu wa kuhesabu mabano. Jana nilibandika mistari ya mwenzangu, nafasi za mwanzoni mwa mistari zimevurugika. Leo naona bano moja si pale lilipokuwa. Modi yaweza kulihamisha bila kuniambia? Programu hii ndiyo inayokadiria dozi za watoto. Nijibu upesi.

Mpwa wako

7 Machi

Mjomba, shikamoo tena. U mzima kweli? Hujajibu, nami sijamwambia mtu. Bado niko kwenye miezi ya majaribio. Programu imeanza kutumika wodini leo asubuhi. Kama nimekosea mimi, sema tu.

Mpwa wako

8 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi mzima, na hiyo ndiyo aibu yangu: barua yako niliisoma siku ileile. Modi inahamisha, na haisemi. Inaamini nafasi, haiamini mabano. Kosa hilo nalijua tangu mwaka juzi, nikawa nasema nitarekebisha kesho, mpaka vidole vikagoma. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na safari hii tumbo si langu. Nenda kawaambie sasa hivi.

Mjomba wako

9 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nimewaambia. Kule kugawa dozi ya siku kwa mara tatu kulibaki nje ya bano, kwa hiyo kila mara mtoto alipewa dawa ya siku nzima. Watoto wanne. Watatu wako salama. Wa nne ana miezi minane, wanampima figo kila baada ya saa chache. Naogopa, Mjomba. Nimeandika kosa ni langu peke yangu. Wewe sikukutaja.

Mpwa wako

10 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mkuu wako ana barua yangu tangu asubuhi. Nimeeleza yote, hata zile siku nne nilizonyamaza. Usinilinde, mtu mzima hapa ni mimi. Kesho nakuja na basi la kwanza. Wewe nionyeshe tu kitanda cha yule mtoto. Mama yake nitazungumza naye mimi mwenyewe.

Mjomba wako