Uyoga wa Jiwe

Elisabethville, mtaa wa Komini ya Kenya

Kwa mama yangu mpenzi, huko Kasenga,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi vizuri, mgongo umetulia, na baba amevaa miwani yake ili akusomee. Baba, nawe nakusalimu sana, na tafadhali usiruke mahali popote, hata ukiona ni mambo ya masomo tu. Mama, je, ule mgongo unaendeleaje? Dereva wa lori la samaki alisema alikuona sokoni umebeba mzigo, na sikupenda kusikia hivyo.

Mimi ni mzima. Najua mnasikiliza redio na mnahangaika. Ni kweli askari wako kwenye njia panda, na kwa juma moja shule ilifungwa. Lakini tumerudi darasani, mama mdogo anapata unga, nami nakula na kulala. Ninayo habari nyingine, ambayo siku hizi imenishughulisha kuliko vita.

Shule ilitaka tuchimbe handaki nyuma ya uwanja wa mpira, tupate pa kujificha ndege zikija. Kipande cha darasa letu kilipita penye kichuguu cha zamani kilichosawazishwa siku nyingi. Nilipofika kina cha kiuno, jembe langu liligonga kitu kigumu. Nikakichimbua kwa mikono. Kilikuwa na kofia pana kama sahani, na shina fupi kama kidole gumba. Chini ya kofia mistari ilitoka katikati kwenda ukingoni, kama ile mikunjo ya chini ya uyoga. Chote kilifunikwa na ganda jeusi, na kilikuwa kizito.

Kalenga, anayekaa nyuma yangu darasani na ambaye hamwachi mtu bila kumtania, aliwaita wengine.

"Mwape anapata bowa. Leo mama mudogo yake atapika, na batakula na nyundo."

Wote walicheka kusikia uyoga wa kuliwa kwa nyundo, nami nilitamani handaki linifunike. Lakini Mesié Gaston, mwalimu wetu wa sayansi, hakucheka. Alikipangusa kwa leso yake, akatueleza kwamba vitu vilivyokuwa hai zamani sana huweza kugeuka jiwe ndani ya ardhi. Mifupa na maganda hupatikana mara nyingi. Uyoga ni laini, huoza upesi, ndiyo maana uyoga uliogeuka jiwe ni adimu mno, na yeye hajapata kuuona hata mmoja.

Siku ya pili alianza kuwa na shaka. Alisema kofia ni kubwa mno, hakuna uyoga wa kiasi hicho. Mama, vitabu vyake vimeandikwa Ulaya. Hajawahi kukuona ukirudi kutoka porini. Sikuwa na ujasiri wa kuinua mkono, kwa hiyo niliandika kwenye karatasi kwamba mama yangu huchuma uyoga wa kichuguu ambao mtoto anaweza kujikinga nao mvua, nikaiacha juu ya meza yake. Aliisoma mara mbili. Kisha akasema mbele ya wote kwamba Mwape amesema kweli. Angeandika barua kwa makumbusho ya kwao Ulaya, na rafiki yake anayepanda ndege Jumamosi angekichukua kile kitu, pamoja na kadi yenye jina langu.

Siwezi kukuficha, nilifurahi mno. Njia yote ya kurudi nyumbani nilikuwa nalitamka jina langu kama la mtu mwingine.

Alhamisi aliniruhusu kukipeleka nyumbani nikichore. Nilimkuta mama mdogo anachambua mboga za lengalenga.

"We Mwape, majiwe ya inje haitoshi? Unatuletea na ingine mu nyumba?"

Nikamweleza kwamba ni bowa ya zamani, ya kichuguu. Akafuta mikono, akakigeuza, akaangalia shina.

"Bowa ya kichuguu? Na muzizi yake iko wapi? Yaya alikuwa ananipiga ku mukono nikikata muzizi."

Yaya, dada yake mkubwa, ndiye wewe, mama. Mimi pia ulinifundisha: uyoga wa kichuguu hauvutwi, unachimbwa kwa kijiti polepole, na mzizi wake mrefu unafuatwa mpaka kwenye nyumba ya mchwa. Lakini shina la kile kitu halikuvunjika. Lilikuwa limeishia hapo hapo, mviringo, kama tone. Hapakuwa na mahali ambapo mzizi ungeweza kutoka.

Ijumaa asubuhi, kabla ya kengele, nilishuka handakini kuutafuta ule mzizi. Pale nilipokuwa nimekitoa, nilichimba tena. Nikapata makaa. Nikapata vipande vya udongo mwekundu uliochomwa, kimoja kina tundu kama bomba la kupulizia moto. Nikasugua ncha ya shina kwenye jiwe, na chini ya ganda jeusi kukang'aa kwekundu. Ilikuwa shaba, mama. Wafua shaba wa zamani walijenga tanuru zao kwa udongo wa kichuguu. Shaba iliyoyeyuka ilitiririka kwenye shimo dogo lenye kitundu katikati, ikapoa, ikatoka na umbo la uyoga.

Ilibaki ile mistari. Nikalainisha udongo mbichi kwa vidole vinne, kutoka katikati kwenda nje, jinsi unavyolainisha chungu ndani. Kisha nikakiweka kile kitu juu. Matuta yake yaliketi ndani ya mifereji ya vidole vyangu. Mtu alilitengeneza lile shimo kwa mkono wake, na vidole vyake vilikuwa vyembamba kama vyangu.

Nilikaa mle handakini mpaka kengele ikalia. Hakuna aliyejua isipokuwa mimi. Kama ningenyamaza siku moja tu, kingeondoka na jina langu. Na mimi ndiye niliyemshawishi mwalimu.

Katika somo lake Mesié Gaston aliniita mbele niwaeleze wenzangu nilivyokipata. Nilitazama sakafu, nikasema kwa Kifaransa, "Mesié, si uyoga. Nilikosea. Ni shaba."

"Bowa imekufa," Kalenga akasema kwa sauti ya chini, na safu mbili zikacheka.

Mwalimu aliniuliza kwa nini sikumwambia jana. Nikamjibu kwamba jana sikujua. Akatoka na viatu vyake vilivyong'arishwa, akashuka handakini, darasa zima nyuma yake. Nikamwonyesha makaa, lile bomba la udongo, na alama za vidole vyangu kwenye udongo mbichi. Alichuchumaa, akavigusa kimoja kimoja. Niliona kuwa amehuzunika, kwa sababu barua ya makumbusho alikuwa amekwisha kuifunga. Akaitia mfukoni. Kisha akaniuliza nani alinifundisha kutafuta mzizi, nami nikamwambia.

Sasa kile kitu kiko kwenye kabati la darasa. Kalenga ananiita Dokteri Bowa, na sichukii.

Nisalimie kaka yangu mkubwa, asiende mbali mtoni na nyavu zake siku hizi. Msalimie dada aliyeolewa ng'ambo ya mto, akija. Mwambie nyanya anayelala chumba cha nyuma kwamba soksi zake nazivaa. Shangazi muuza mihogo naye asinisahau.

Nilitaka kufunga hapa, lakini kuna jambo ambalo nimelichelewesha kwa aibu. Mesié Gaston alinipa kadi ya kabatini niijaze mwenyewe. Niliandika: "Shaba ya wafuaji wa zamani. Si uyoga." Mahali pa aliyekipata niliandika jina langu. Chini yake pameandikwa: aliyekitambua. Nilitaka kuacha wazi, mwalimu akasema, "Andika, tena kwa wino." Nikaandika jina lako: Chola Angelina, wa Kasenga. Nisamehe, mama, sikukuuliza kwanza.

Mimi mtoto wako,
Mwape